Nilivyochagua risasi za kuwindia swala baada ya kushauriwa vibaya

Kila anayemiliki bunduki ya kuwindia ya saizi ya 30-06 hapa Lubumbashi hakosi mtu wa kumwambia kwamba risasi iwe nyepesi na iende mbio, kwa kuwa kasi ndiyo inayoua. Mimi niliambiwa hivyo na mzee ninayemheshimu, nikanunua zenye uzito wa gramu 9.7 na ncha ya plastiki, zinazotoka mtutuni kwa karibu mita 890 kwa sekunde. Katika miombo ya upande wa Kasenga, ambako ni nadra kumwona mnyama kwa mbali, mbio hizo zote ni za nini? Kuro, swala mkubwa aliyekuwamo katika kibali changu cha kuwinda, alipigwa begani kwa karibu, akaanguka, akainuka na kutokomea. Tulifuata damu hadi jioni, na tulipomchuna tulikuta risasi imepasukia juu ya mfupa kama chupa iliyoanguka sakafuni, na bega zima halifai kuliwa.

Tangu hapo niliacha maneno, nikaanza kupima. Nilipanga mabido ya lita 20 yaliyojaa maji, moja nyuma ya jingine, mbele ya kichuguu kirefu kuliko nyumba, maana Katanga hakuna ukuta bora wa kuzuia risasi. Bido la kwanza hupasuka kwa kishindo cha kufurahisha (mke wangu angali anadai mabido yake), kisha unaiokota risasi na kuipeleka kwenye mizani ya sonara. Ile nyepesi ilibakiza gamba lake la nje lililokunjamana na chembechembe. Ya gramu 11.7 yenye ncha laini, isiyofunikwa na gamba, ilipanuka vizuri na kubaki na sehemu kubwa ya uzito wake. Zenye gamba zima, yaani zilizofunikwa hadi nchani, ambazo wengine huzisifu kwa urahisi wa bei, zilitoboa mabido yote bila kupanuka. Mnyama aliyepigwa hivyo huenda kufia mbali. Ya shaba tupu, ya gramu 10.7, ilifunguka ncha na haikupoteza karibu chochote, jambo lililonipa fahari isiyo na sababu, mimi mtoto wa mji wa shaba.

Sasa pongo, swala mdogo kuliko kuro, nampiga kwa ncha laini, na kuro kwa shaba, ingawa bei yake ni kama mara mbili. Kila nibadilishapo aina, nasugua mtutu na kurekebisha darubini upya, kwa sababu risasi mbili za uzito tofauti hazipigi mahali pamoja. Zile nyepesi zilizobaki natobolea makaratasi ya shabaha.