Magome na majani ya mwarobaini: ninavyoyaandaa

Kwanza mti wenyewe. Mmelia hufanana sana na mwarobaini kwa mbali, na matunda yake yana sumu. Mimi hushika jani zima na kulitazama: la mwarobaini lina vijani vilivyopangwa kulia na kushoto kwenye kikonyo kimoja tu, vimepinda kama mundu na kingo zake zina meno. Kikonyo cha mmelia hugawanyika tena, na vijani hukaa kwenye vile vikonyo vidogo.

Kwa ngozi inayowasha, vipele vya joto au tetekuwanga inayoanza kukauka, natumia majani mabichi yaliyokomaa, siyo yale machanga mekundu ya ncha. Konzi mbili zilizojaa kwa lita 2 za maji, nafunika, yachemke dakika 15 kisha yapoe yenyewe. Naogea mwishoni wala sijisuuzi. Maji hayo ni ya siku hiyohiyo. Yakilala yanachacha na kunuka.

Upele ule wa vijidudu vinavyochimba ngozi ni kazi nyingine. Nasaga majani mabichi na manjano mabichi, sehemu nne za majani kwa moja ya manjano, mpaka uji mzito. Unapakwa mwili mzima kuanzia shingoni, hasa katikati ya vidole, kwapani na kiunoni, kila siku kwa wiki moja hadi mbili. Wengi hupaka panapowasha tu, au humpaka mtoto mmoja huku nduguze wanaolala naye wakiachwa, halafu wanasema dawa haifanyi kazi. Nyumba nzima ipakwe siku moja, na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto. (Manjano hayatoki kwenye shuka jeupe, tafuta kuukuu.) Vidonda vikitoa usaha, zahanati.

Kunywa ndipo ninapokuwa mkali. Homa inataka kipimo cha malaria, na ikionekana, dawa mseto. Kikombe cha uchungu hakichukui nafasi yake. Mjamzito asinywe kabisa, maana mwarobaini unaweza kuharibu mimba. Mafuta ya mbegu zake mtoto mchanga asilambishwe hata tone: yamewahi kuleta degedege na kifo.

Magome siyatoi kwenye shina. Ukibandua kulizunguka, mti unakufa, kwa sababu chakula kutoka majanini hushukia humo kwenda mizizini. Miarobaini ya kando ya njia imejaa makovu ya panga kwa tamaa hiyo. Nasubiri kupogoa, nachukua matawi yenye unene wa kifundo cha mkono, nakwangua ganda la nje lililokufa na kubakiza sehemu ya ndani yenye nyuzinyuzi. Nakatakata vipande vyembamba na kuvianika kivulini penye upepo, nikivigeuza kila siku. Kipande kikivunjika kwa mlio, kimekauka. Kikipinda, bado, na ukikifungia kwenye chupa kitaota ukungu.

Natwanga, nachekecha kwa kitambaa chepesi cha kanga kuukuu badala ya chekeche la unga, maana chembe kubwa hukwaruza fizi. Unga kidogo kwenye mswaki uliolowa, nasugua taratibu fizi zinazovuja damu, nasukutua na kutema. Jino lililotoboka halizibwi na unga huu.