Vigelegele vyangu Versailles

Jamani hii safari nimeshindwa kukaa nayo moyoni. Naishi Köln, Ujerumani, na bibi jirani yangu alikuwa na tiketi ya ziada ya farasi wa Olimpiki, ile fainali ya dresaji, mchezo wa farasi kupiga hatua za madaha, wanayocheza kwa muziki, Jumapili tarehe 4 Agosti 2024. Treni mpaka Paris sina la kusimulia, nililala. Ila Versailles kwenyewe, pale nje ya Paris mashindano yalipofanyika, weee, jua la utosi, kiti hakina kivuli, kichupa cha maji euro 4, mkate mkavu kama wa juzi.

Bibi alikuja kwa ajili ya Isabell Werth tu, mpanda farasi wa Kijerumani. Mtoto wa wakulima wa Rheinberg, akasomea sheria, lakini maisha yake yote yako juu ya tandiko. Barcelona 1992 alikuwa na miaka 23 na farasi wake Gigolo, Atlanta 1996 akabeba dhahabu ya peke yake, na siku hiyo alikuwa na miaka 55 bado yumo! Jana yake tu Wajerumani walikuwa wamechukua dhahabu ya timu, kwake ya nane.

Sasa aibu yangu. Farasi mmoja wa mwanzomwanzo, hata nchi yake siikumbuki, akaanza kuchapa miguu palepale bila kusogea, wanaita piafe, muziki umemkaa mwilini kabisa. Mimi mtoto wa Lamu, nimezoea harusi, ulimi ukanitoka wenyewe: vigelegele! Uwanja mzima kimya halafu mimi peke yangu. Mzee wa mbele akageuka kidole mdomoni, bibi akanifinya paja. Akaninong'oneza kwamba farasi anasikiliza kila kitu, anayempanda anamwongoza kwa kiuno na mashavu ya miguu, wewe ukikaa huku huoni chochote.

Nikawaza punda wetu, ambaye lugha anayoijua ni fimbo. Ingawa na hawa wasijifanye malaika, wiki mbili hazikuwa zimepita tangu bingwa mmoja wa Uingereza ajitoe kwa ajili ya video akimchapa farasi miguuni.

Zamu ya Werth ilipofika na Wendy wake, jike jeusi waliyezoeana miezi michache tu, nikajiziba mdomo na mtandio, nikaung'ata hasa. Wendy akapiga piafe, masikio yanacheza, mama kakaa juu kama anakunywa chai. Alipotoa salamu ya mwisho nikautoa mtandio nikavimwaga vyote, na safari hii hata yule mzee alikuwa amesimama anapiga makofi. Akapata medali ya fedha kwa pointi 89.614, Mjerumani mwenzake mwenye farasi Dalera akampita kwa chini ya nusu pointi. Bibi alinuna mpaka stesheni.

Usiku nikamtumia kaka video fupi. Yeye punda wake wanabeba saruji na mchanga kutwa. Akajibu kwa sauti, "Mashaallah kanona! Sasa huyo hubeba nini?"

Nikamwambia hubeba mama mmoja tu, dakika chache, halafu anaenda kuogeshwa.

Hajanijibu mpaka leo.