Fao la kujitoa la Japani: usiliache nyuma unapofunga mizigo

Uchaguzi wa baraza la juu la bunge la Japani, Julai 2025, ulitawaliwa na habari za wageni. Chama cha Sanseito kilipiga kampeni kwa kaulimbiu ya "Wajapani Kwanza" na kikavuna viti 14. Mwezi uliofuata, kwenye TICAD, mkutano wa Japani na nchi za Afrika, pale Yokohama, JICA, shirika la serikali ya Japani la ushirikiano wa maendeleo, likatangaza kwamba miji 4 itakuwa "miji ya nyumbani" kwa nchi 4 za Afrika. Nagai, mji wa mkoa wa Yamagata, ukapangiwa Tanzania. Uvumi ukaenea mitandaoni kwamba huo ni mlango wa nyuma wa uhamiaji, simu za hasira zikamiminika kwenye ofisi za miji hiyo, na Septemba 25 JICA ikaufuta mpango mzima.

Katika kelele zote hizo neno lililorudiwa ni moja: mgeni anakuja kula asichopanda. Anayesema hivyo ningempa stakabadhi moja tu ya mshahara wa mgeni aisome mstari kwa mstari. Mstari wa kuangalia ni ule wa kosei nenkin, pensheni ya waajiriwa.

Mchango wa kosei nenkin ni asilimia 18.3 ya mshahara, nusu anakatwa mfanyakazi, nusu analipa mwajiri. Makato hayapigwi kwenye mshahara wenyewe. Mishahara imepangwa kwa madaraja, na daraja ndilo linalokatwa. Mwenye mshahara wa yeni 250,000, kwa mfano, anaingia daraja la yeni 260,000. Asilimia 9.15 ya hapo ni yeni 23,790 kila mwezi. Kwa miaka 3 anakuwa amekatwa yeni 856,440, na mwajiri amelipa kiasi hicho hicho.

Mgeni anapoondoka kabla ya kutimiza miezi 120 ya uchangiaji, ambayo ndiyo inayompa mtu haki ya pensheni ya uzeeni, sheria inamruhusu kudai malipo ya mkupuo yanayoitwa dattai ichijikin. Waliopambana na mifuko ya hifadhi ya jamii huko nyumbani watalielewa mara moja: ni fao la kujitoa. Masharti yake makuu ni manne. Usiwe raia wa Japani, uwe umechangia angalau miezi 6, usiwe na anwani Japani, na udai ndani ya miaka 2 tangu siku ulipoacha kuwa na anwani hiyo. Miaka 2 ikipita, fedha imekwenda na hakuna wa kumlilia.

Sasa kikokotoo. Unachukua wastani wa daraja lako la mshahara kwa kipindi chote ulichochangia, bonasi zikiwemo, unazidisha kwa kigezo cha miezi. Vigezo vinapanda kwa ngazi za miezi 6: miezi 6 ni 0.5, miezi 12 ni 1.1, miezi 24 ni 2.2, miezi 30 ni 2.7, miezi 36 ni 3.3, miezi 60 ni 5.5. Kati ya ngazi na ngazi hakuna kitu. Aliyechangia miezi 35 anahesabiwa kama aliyechangia 30.

Hapa ndipo watu wanapopoteza fedha bila kujua. Chukua huyo wa daraja la 260,000, ambaye hakupata bonasi. Akiwa na miezi 36 fao lake ni yeni 858,000. Akiwa na miezi 35 ni yeni 702,000. Mwezi mmoja, yeni 156,000.

Na mwezi huo unaweza kupotea kwa siku moja tu. Bima ya pensheni inakatika kesho yake baada ya siku ya mwisho ya kazi, na mwezi ambao bima imekatika hauhesabiki. Ukiacha kazi Machi 31, bima inakatika Aprili 1, kwa hiyo Machi imo. Ukiacha Machi 30, bima inakatika Machi 31, na Machi yote imetoka. Zaidi ya hapo, ukiwa bado mkazi wa Japani siku hiyo ya mwisho wa mwezi, utadaiwa mchango wa Machi kwenye pensheni ya taifa, ambao haujumlishwi na miezi yako ya kosei nenkin. Mwajiri akikushauri uandike barua ya kuacha kazi yenye tarehe moja kabla ya mwisho wa mwezi, elewa kwamba na yeye anaokoa nusu yake. Mwombe tarehe ya mwisho wa mwezi, tena kwa maandishi. Kabla ya kuandika barua yoyote, nenda ofisi ya pensheni, nenkin jimusho, na kitambulisho chako, uwaombe wakuchapie idadi ya miezi uliyochangia.

Tukirudi kwenye lile neno la kula usichopanda: yule wa miezi 36 anarudishiwa takriban kile alichokatwa yeye mwenyewe. Nusu ya mwajiri, yeni 856,440, inabaki kwenye mfuko ikiwalipa wazee wa Japani. Silalamikii hilo, maana ndivyo mfuko wa jamii unavyofanya kazi. Ila mtu asije akasema mgeni hachangii.

Ninacholalamikia ni ukomo. Hadi Machi 2021 kigezo kilikuwa kinasimama kwenye miezi 36, na tangu Aprili 2021 kinasimama kwenye 60. Aliyefanya kazi miaka 7, miezi 84, kwa daraja lile lile amekatwa yeni 1,998,360 lakini fao lake ni yeni 1,430,000. Zaidi ya nusu milioni ya jasho lake inabaki, na miezi yake yote 84 inafutwa. Sheria ya pensheni iliyopitishwa Juni 2025 itapandisha ukomo hadi miaka 8, ila itaanza kutumika kwa amri ya serikali ndani ya miaka 4. Ni hatua nzuri, imechelewa. Sheria hiyo hiyo inafunga mlango mwingine: mwenye kibali cha kurudi Japani ambacho bado kiko hai hatalipwa fao. Leo bado mtu anaweza kuondoka na kibali hicho, akafuta anwani, akadai, kisha akarudi kazini. Mwenye mpango huo asiukalie.

Lakini si kila mtu anapaswa kulichukua. Ukishalipwa, miezi yote uliyochangia inafutwa kama vile hukuwahi kufanya kazi Japani. Aliye na miezi 96 na anayetarajia kurudi afikiri mara mbili, maana miezi 24 zaidi inampa pensheni ya maisha. Vilevile Japani ina mikataba ya hifadhi ya jamii na nchi kama Ujerumani, Marekani na Kanada, ambayo inaruhusu miezi ya huku na huko kujumlishwa ili kutimiza masharti. Mswahili aliyefanya kazi Osaka na sasa anaishi Hamburg au Toronto aulize kwanza kabla ya kujaza fomu. Hakuna mkataba wa aina hiyo kati ya Japani na Tanzania, Kenya au nchi nyingine yoyote ya Afrika, kwa hiyo anayerudi Mwanza au Mombasa na miezi yake 40 hana cha kujumlisha. Yeye achukue.

Wanafunzi nao wana pensheni yao, kokumin nenkin, ile pensheni ya taifa, ambayo mkazi wa miaka 20 hadi 59 asiye mwajiriwa kwa kawaida anatakiwa kuilipa. Mchango wa mwaka wa fedha 2025 ulikuwa yeni 17,510 kwa mwezi. Fao lake ni nusu ya mchango huo mara ngazi ya miezi, kwa hiyo kwa mchango wa mwaka huo miezi 6 inatoa yeni 52,530. Waliopewa msamaha wa wanafunzi wasitegemee kitu kwa miezi hiyo, kwa sababu msamaha hauhesabiki kwenye fao.

Utaratibu wa kuondoka wenyewe unaanzia ofisi ya manispaa, si uwanja wa ndege. Ndani ya siku 14 kabla ya safari unapeleka taarifa ya kuhama, tenshutsu todoke, ukieleza kwamba unahamia nje ya nchi. Hapo ndipo anwani yako inapofutwa, na bila kufutwa hapo mfuko wa pensheni utakuona bado mkazi, na bili za bima ya afya zitaendelea kuhesabiwa. Uwanjani kuna kikadi cha kujaza chenye kisanduku cha kusema unatoka kwa muda na utarudi. Anayeondoka moja kwa moja asikiwekee alama. Afisa wa uhamiaji atatoboa kadi yako ya ukaazi na kukurudishia.

Fomu ya madai unaichukua ofisi ya pensheni au kwenye tovuti ya Nihon Nenkin Kiko, shirika la pensheni la Japani, na inatumwa kwa posta makao makuu yao, Suginami, Tokyo. Ukiituma ukiwa bado Japani, hakikisha inafika baada ya tarehe uliyoandika ya kuhama. Ikifika kabla, itarudishwa. Unaambatanisha nakala ya pasipoti, karatasi yenye namba yako ya pensheni, na uthibitisho wa akaunti ya benki ulio na jina la benki, tawi, anwani ya tawi, namba ya akaunti na jina lako.

Jina ndilo linalokwamisha madai mengi yasiyo na kasoro nyingine. Pasipoti inasema majina matatu, benki imeandika mawili na herufi moja ya mwanzo. Nenda benki mapema, waandike barua yenye jina kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, na mhuri. Akaunti ya Japani inakubalika pia, ila si ya benki ya posta, Yucho. Na kwenye nafasi ya anwani, sisi tunaotumia S.L.P. tuandike sanduku ambalo kuna mtu analifungua kila wiki. Sanduku la shule uliyoacha kufundisha miaka 5 iliyopita halifai, na sababu yake utaiona hapa chini.

Malipo huchukua miezi 4 hivi kama karatasi zote ziko sawa. Fao la kosei nenkin hukatwa kodi ya asilimia 20.42 juu kwa juu, na la kokumin nenkin halikatwi. Kwenye yeni 858,000 kodi hiyo ni yeni 175,203, na wengi wanadhani imekwenda jumla. Haijaenda. Sheria ya kodi inaruhusu fao hili lihesabiwe kama kiinua mgongo cha mkazi, ambacho kina msamaha wa yeni 400,000 kwa kila mwaka wa kazi. Kwa miaka 3 ni yeni 1,200,000, zaidi ya fao lenyewe, kwa hiyo kodi yote inarudishwa.

Wa kuidai kodi hiyo kwa niaba yako ni mwakilishi wa kodi, nozei kanrinin. Anaweza kuwa mtu yeyote mkazi wa Japani, rafiki au mwenzako wa kazini, raia au mgeni. Unamsajili ofisi ya kodi ya eneo ulilokuwa unaishi, vizuri zaidi kabla ya kuondoka, ingawa hata ukiwa nje unaweza kutuma fomu. Marejesho yanaingia kwenye akaunti yake, kisha yeye anakutumia, basi chagua mtu unayemwamini kwa fedha.

Usimchanganye na mwakilishi mwingine wa jina hilo hilo, anayesajiliwa manispaa kwa ajili ya kodi ya ukaazi, juminzei. Kodi hii ni takriban asilimia 10 ya mapato ya mwaka uliopita baada ya makato, pamoja na yeni 5,000 za kichwa, na anadaiwa kila aliyekuwa na anwani Japani Januari 1. Bili inatoka Juni. Anayeondoka Machi anaacha deni ambalo bado halijaandikwa, na anahitaji mtu wa kulipokea na kulilipa. Anayehama Desemba 28 hadaiwi kabisa kwa mwaka unaofuata. Kama tarehe ya safari iko mikononi mwako, linganisha kodi hiyo na ngazi za miezi za fao kabla ya kukata tiketi.

Fao likishalipwa, shirika la pensheni linatuma kwa posta taarifa ya uamuzi, dattai ichijikin shikyu kettei tsuchisho, yenye kiasi cha fao na kodi iliyokatwa. Hiyo ndiyo karatasi ambayo mwakilishi wako anaiambatanisha anapodai kodi, na inatakiwa ile halisi. Ndiyo maana sanduku la posta lazima liwe hai. Ikifika, piga nakala ubaki nayo, halisi itume Japani kwa njia ya kusajiliwa. Dai la kodi lina muda wa miaka 5, kwa hiyo hata aliyelipwa fao lake miaka 3 iliyopita na karatasi hiyo bado ipo kwenye bahasha kabatini, anaweza kumwandikia rafiki yake wa Nagoya leo.