Madawati 40 yataisha lini?

Fundi seremala wa Ngamiani, Tanga, akiulizwa madawati 40 yatachukua muda gani, mara nyingi huzidisha tu muda wa dawati la kwanza. Hapo ndipo anapojiongopea. Mkono huzoea kazi, na T. P. Wright, mhandisi wa ndege wa Marekani, aliionyesha hesabu yake mwaka 1936 kwenye utengenezaji wa ndege.

Andika saa za kila dawati kwenye Excel, chora grafu ya nukta, pitisha mstari wa mwelekeo wa aina ya kipeo (Power, siyo Exponential). Tuseme la 1 limekula saa 10, la 2 saa 8, la 4 saa 6.4: kila idadi ikiongezeka maradufu, muda unashuka hadi asilimia 80 ya ule wa awali. Kipeo cha mstari huo ni −0.322. Zidisha 10 kwa n^−0.322, n ikiwa namba ya dawati, kuanzia 1 hadi 40, ujumlishe: saa 172 hivi, siyo 400.

Vanishi, lakini, haizoei kazi. Wakati wa masika hukauka kwa kusuasua, kwa hiyo itoe kwenye grafu uipangie siku zake. Ukibadilisha vijana katikati, muda unapanda tena. Na nukta tatu hazitoshi kumwahidi mteja tarehe. Subiri walau nane.