Masazo ya Shambani na Foleni ya Chakula

Somo: Walawi 19:9-10, Ruthu 2:1-17

Wapendwa, kuna "aya" moja ambayo Wamarekani wengi huinukuu na haimo katika Biblia: Mungu huwasaidia wanaojisaidia. Benjamin Franklin aliichapa kwenye kalenda yake mwaka 1736, na hata yeye hakuwa wa kwanza kuisema. (Nasi tunayo, "jisaidie na Mungu atakusaidia", tena imeshahubiriwa madhabahuni.) Imezama mioyoni. Mwaka 2017 gazeti la Washington Post na shirika la utafiti la Kaiser walipouliza watu kama kinachomfanya mtu awe maskini mara nyingi ni kutojituma au ni hali iliyo nje ya uwezo wake, Wakristo 46 katika kila 100 walijibu kutojituma. Kwa wasio Wakristo walikuwa 29. Namba hizi zinauma, kwa sababu Wakristo hao hao ndio wanaobeba makatoni na kugawa chakula kwenye kumbi za makanisa kila juma.

Mwaka 1996 sheria zenyewe za Marekani zilionyesha mioyo hiyo miwili. Tarehe 22 Agosti Rais Clinton alitia sahihi sheria iliyowekea familia maskini kikomo cha miezi 60 ya fedha za serikali kuu katika maisha yote. Mtu mzima mwenye nguvu asiye na mtoto wa kulea akapewa miezi 3 tu ya msaada wa chakula katika kila miezi 36, asipofikisha saa 20 za kazi au mafunzo kwa wiki. Tarehe 1 Oktoba akatia sahihi nyingine, inayomkinga na mashtaka anayetoa chakula kwa nia njema. Kati ya hizo mbili ni siku 40, hesabuni wenyewe. Iliyokuwa haki ikapunguzwa, hisani ikafunguliwa mlango.

Sasa someni Walawi. Pembe za shamba, zilizoachiwa maskini bila kuvunwa, hazikuwa hisani ya mwenye shamba, ziliamriwa. Maskini alikuja mwenyewe na kuokota kwa mikono yake. Ni kweli Boazi, mwenye shamba katika kitabu cha Ruthu, aliuliza, "Msichana huyu ni wa nani?" Lakini alipouliza, Ruthu alikuwa ameshaokota tangu asubuhi. Kisha wavunaji wakaagizwa waangushe masuke makusudi, wala wasimkemee. Jioni alipopura alipata kama efa moja ya shayiri, yaani lita 22 hivi.

Benki za chakula zilianza na wazo hilohilo la masazo. Mwaka 1967 huko Phoenix, Arizona, John van Hengel, Mkatoliki aliyekuwa akijitolea kwenye jiko la kulisha maskini, alianza kukusanya chakula ambacho maduka yangekitupa, na parokia ya Mtakatifu Maria ikampa jengo. Ghala halina shida. Shida huanzia kwenye mlango wa ukumbi.

Kanisa linafungua Jumanne saa nne asubuhi mpaka saa sita, halafu linashangaa kuona wanaokuja ni wazee peke yao. Mwenye vibarua viwili yuko kazini. Boksi limefungwa tayari: maharage makavu kwa mtu anayelala moteli yenye maikrowevu peke yake, matunda ya kopo yenye sharubati ya sukari kwa mwenye kisukari, kopo lisilo na kifunguo. Sehemu yake hutupwa, kisha huyo huyo husemwa kuwa hana shukrani. Dawa yake ni rafu. Panga vitu kama dukani, andika kiasi kwa idadi ya watu nyumbani, mtu achague. Utupaji hupungua, na shemasi hana tena haja ya kukisia nani anastahili nini.

Kadi ya SNAP, msaada wa serikali wa kununulia chakula ambao wengi huuita bado stempu za chakula, hainunui sabuni, nepi, karatasi za chooni, pedi wala kuku wa moto dukani. Kwa hiyo sabuni mara nyingi hufaa kuliko kopo la kumi la mahindi. Fedha taslimu nazo hufanya kazi kubwa kuliko makopo, kwani benki ya chakula hununua kwa jumla. Na Novemba, msimu wa Shukrani, rafu hufurika. Julai, watoto wakiwa hawapati chakula cha mchana cha shule, huwa tupu.

Kanisa likigawa chakula cha serikali haliruhusiwi kumlazimisha mtu asali kwanza. Wengine hulalamika. Ruthu hakuhojiwa imani yake shambani.

Naye alikuwa Mmoabi, mgeni. Sheria ya Julai 2025 imewaondoa kwenye SNAP wakimbizi ambao bado hawana kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, na kadi hiyo huombwa baada ya mwaka mmoja nchini. Kati yao wamo Wakongo wanaoomba kwa Kiswahili kama sisi. Ushirika wenu ukiwa karibu nao, wiki hii ulizeni kanisa lenye stoo kama litakubali kufungua jioni moja, na kama kwenye rafu kuna unga wa mahindi, mafuta ya kupikia na nepi.