Redio Jikoni: vile mimi na kijana wangu tulirudi kuongea

Kijana wangu akiwa Gredi ya 8, nyumba yetu hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, ilikuwa imebaki ya kelele tu. Mimi niko jikoni naita, yeye ako chumbani mlango umefungwa na vitu ziko kwa masikio, sufuria za jana zimejaa kwa sinki na ni ile siku ya maji, na wenye wanaishi hizi pande wanajua siku ya maji si siku ya kuambiwa "nakuja". Yakipotea kabla hujaosha, utangoja zamu ingine na harufu. Nikimuuliza shule ilikuwa aje, "poa". Umekula? "Zii". Huyu ndiye mtoto alikuwa ananifuata mpaka soko ya Mutindwa akinipigia stori ya katuni kutoka mwanzo hadi mwisho mimi nikichagua nyanya, na sasa nikitoka na leso mpaka steji ananiambia kwa sauti ya chini, mathe usinichomee.

Kabla nieleze chenye kilisaidia wacha niseme kosa nililofanya, maana ndilo lilinifunza. Mjomba wake alikuwa amekuja kutoka ushago, tumekaa na chai, kijana akatoka kumsalimia, "karibu anko", na hiyo "anko" ikaanzia chini kabisa ikaishia juu kama filimbi. Tukacheka. Mimi ndio nilianza, tena nikamwiga mbele ya mgeni. Alirudi chumbani bila kugusa chai na kwa karibu wiki moja akawa anajibu kwa kichwa tu, kutikisa ama kukataa, mtoto ameamua ni afadhali asiongee kabisa kuliko tumcheke tena. Iliniuma mpaka leo. Baadaye nikaenda kusoma nikaelewa kwamba mvulana akibaleghe zoloto, hiyo sehemu ya koo yenye inatoa sauti, inakua haraka, nyuzi za sauti zinarefuka na kuwa nene, na misuli inayozivuta haijazoea huo ukubwa mpya, ndio maana sauti inaruka bila yeye kutaka. Inaweza kuchukua miezi. Nikamwomba msamaha, na nikaweka sheria kwa nyumba, mimi nikiwa wa kwanza kuifuata: mwili hauchekwi. Sauti, chunusi, jasho, kurefuka kwa ghafla, matiti ya dadake yakianza, hizo zote ziko nje. Tutacheka sufuria. Tutacheka soksi.

Sasa Redio Jikoni ilianza hivi. Babangu alikuwa mtu wa taarifa ya habari, ikifika saa moja jioni nyumba nzima ni kimya, mtoto akilia anapelekwa nje, na hata baada ya Sauti ya Kenya kugeuzwa jina ikawa KBC 1989 yeye aliendelea tu kusema wacheni nisikize Sauti ya Kenya. Ule usomaji ulinikaa kichwani. Sa jioni moja nimetoka job, jam ya Outering imenimaliza, nafika napata sufuria ziko palepale. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nianze. Nikachukua simu badala yake, nikarekodi kwa WhatsApp na ile sauti ya mtangazaji:

"Hii ni Redio Jikoni. Kwanza muhtasari wa habari. Sufuria tatu na mwiko mmoja zimekwama kwenye sinki kwa siku ya pili mfululizo. Wakaazi wanasema waliahidiwa msaada tangu jana. Na huko sebuleni, soksi moja inatafuta mwenzake. Sasa habari kamili."

Nikamtumia, na tuko nyumba moja, ukuta mmoja katikati. Kimya. Halafu nikasikia kicheko, na kilikuwa kinaruka hicho kicheko lakini alikitoa chote bila kukizuia. Simu ikalia: "Msemaji wa serikali ya chumbani amesema kikosi kiko njiani, wananchi wawe watulivu." Na kikaja kweli, kikaosha.

Dadake mwenye miaka 10 kusikia hivyo akataka kazi pia, akapewa hali ya hewa. Ndio anatangazanga mvua imefika kwa balkoni na kuna suruali za shule huko nje hazina mtu.

Lakini haitumiki kila siku, ikizoeleka inakuwa kelele tu kama zile za zamani. Mambo ya uongo ama pesa imepotea naketi naongea na yeye kawaida, hapo hakuna redio. Asubuhi pia niliacha, maana wakifika hiyo miaka melatonini, ile homoni ya usingizi, inachelewa kutoka usiku, kwa hivyo mtoto wa kuamshwa saa kumi na moja anatakiwa kupewa chai na kuachwa. Na kitu ingine ambayo sibadilishi, hizo rekodi hazitoki kwa nyumba. Shangazi yao aliniomba nitume moja kwa grupu ya familia nikakataa, alininunia kidogo, ikaisha.

Sasa jioni moja, mimi niko kwa matatu naelekea nyumbani, ikaingia rekodi kutoka kwa kijana. Hajawahi kuanza yeye. "Hizi ni habari za michezo. Mshambulizi wetu tegemeo ameumia leo kwenye mazoezi ya shairi. Sauti ilitoka uwanjani katika ubeti wa pili na mashabiki wakacheka sana. Kocha hajasema kama atacheza."

Niliisikiza mara tatu. Ilikuwa ni shairi la shule la kukariri kwa kundi, na alikuwa anaanzisha, na hakuna siku angekuja aniambie hiyo kitu akinitazama machoni. Nilitaka sana kupiga simu kwa mwalimu. Sikupiga. Nikamjibu tu kwamba Redio Jikoni inamtakia mchezaji nafuu na daktari wa timu anapika chapati, nikafika nikapika, akasimama hapo kwa mlango wa jikoni akaniambia yote, mpaka nani alicheka na nani hakucheka.

Wiki iliyofuata ikaingia ingine, fupi: "Mchezaji amerudi uwanjani. Kocha amemtoa mbele, sasa anacheza beki, kwa wale wa sauti nzito."