Kisu cha Sh 35,000 na kinoo chake

Samaki wa Ziwa Victoria ndiye anayekwambia ukweli kuhusu kisu chako. Sato ana ngozi inayoteleza na miiba ya mgongoni inayochoma. Ukimbonyeza kwa kisu butu, kisu kinateleza na kidole kinalipa. Sangara ana nyama laini, na kisu kisicho na makali kinaichana badala ya kuikata, kwa hiyo ukija kukaanga vipande vinasambaratika kwenye mafuta. Kwetu Nyegezi, Mwanza, samaki huliwa karibu kila siku, na kisu kikitoka kwa samaki kinageukia nyanya, vitunguu na chainizi. Nilipotenga Sh 50,000 nikanunue kisu cha maana, hivyo ndivyo vitu nilivyokuwa navyo kichwani, kuliko jina lililochapwa kwenye bapa.

Niseme mapema: hiyo hela usiimalize yote kwenye kisu. Mimi kisu kimechukua Sh 35,000, iliyobaki ikaenda kwenye kinoo na kibao cha kukatia. Kisu cha bei kubwa kisichonolewa, baada ya muda kinakuwa butu kama vingine vyote, na wewe umeshaingia hasara.

Ukipita Makoroboi utakuta visu vya kila namna vimetandazwa chini kwenye turubai. Vile vya Sh 2,000 au 3,000 vyenye mpini wa plastiki ya rangi sivibezi. Kumenya viazi na kukata ndimu vinatosha kabisa. Tatizo ni kwamba bati lake linajikunja ukilikandamiza kidogo, na ndani ya mpini chuma kimeingia kifupi mno, hivyo ukikutana na boga gumu mpini unalegea. Seti za kwenye boksi nazo, visu sita na mkasi, zinavutia macho, ila bei yote imegawanywa kwa vitu saba na jikoni utashika kimoja tu.

Halafu kuna visu vya wahunzi wetu, vinavyofuliwa kwa springi za magari. Hivi navipenda kwa dhati. Springi ni chuma chenye kaboni ya kutosha, kinashika makali vizuri na kinanoleka upesi. Chuma cha namna hiyo si kigeni kando ya ziwa hili: mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika jinsi mafundi wa upande wa Kagera walivyokuwa wakikitengeneza kwenye tanuri zao za udongo zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Kila nikiona mhunzi anapuliza moto nakumbuka hilo na moyo unafurahi. Lakini kisu cha springi kinashika kutu haraka ukikiacha na maji ya ndimu au nyanya, na mara nyingi bapa lake ni nene.

Na unene ndio habari yenyewe. Watu wengi dukani wanapima kisu kwa uzito, kikiwa kizito wanasema kizuri. Kisu kinene, hata kikinolewa vipi, kinapasua karoti kabla ya kuikata, unasikia "ta!" na kipande kinaruka. Ukitaka kujua, usiangalie mgongo peke yake. Angalia ile sehemu iliyo juu kidogo ya makali, ishike kwa vidole viwili ukishuka kutoka mgongoni. Unatakiwa uhisi chuma kinapungua taratibu mpaka kinakuwa chembamba kabisa. Kama unene ni uleule halafu ghafla kuna mteremko mfupi wa makali, kiache.

Urefu, chukua sentimita 20 za bapa. Zinatosha kukata sangara wa kilo mbili tatu na kabichi nzima, na hazikusumbui kwenye jiko dogo. Bapa liwe pana kiasi kwamba ukishika mpini na kukata, vidole havigongi kibao.

Kuhusu chuma, kwa nyumbani nashauri kisichoshika kutu. Kampuni ya Victorinox ya Uswisi, iliyoanza mwaka 1884, inatumia chuma chenye kaboni kama asilimia 0.5 na kromiamu kama asilimia 15, na ugumu wake uko kwenye 55 hivi kwa kipimo cha Rockwell. Visu vingi vya Kijapani vinafika 60 na zaidi. Hivyo vinakaa na makali muda mrefu, ila vikigonga mfupa vinamegeka, na bei yake ni nyingine. Jikoni kwetu kisu kitakutana na mfupa wa sato upende usipende. Chuma laini kidogo makali yake yanajikunja badala ya kumegeka, na yakijikunja unayarudisha mwenyewe.

Shangazi yangu aliuza samaki Mwaloni, Kirumba, miaka mingi. Kisu chake kimenolewa mpaka kimebaki chembamba kama kidole cha mtoto, na bado hakimwachi. Nilipomwambia naenda kununua kisu alisema, "Mwanangu, usikinunue kwenye boksi. Kitoe, kishike, kiweke kwenye ukucha." Alichomaanisha ni hiki: unaweka makali juu ya ukucha wa dole gumba, bila kukandamiza, kisu kikiwa kimelala kidogo. Kikiteleza, ni butu. Kikishika pale kilipo, kina makali. Unasogeza toka kisiginoni hadi kwenye ncha, kwa sababu kinaweza kuwa kikali katikati na butu mwishoni.

Kuna na kipimo cha mwanga. Elekeza makali juu, yatazame moja kwa moja chini ya taa au jua. Makali mazuri hayaonekani. Ukiona nukta au kamstari keupe kanang'aa, hapo chuma kimelala na hapakati.

Dukani mjini nilikuta kisu cha Tramontina, kampuni ya Brazil, chenye mpini mweupe wa plastiki ngumu usioteleza mkono ukiwa na magamba. Muuzaji akawa ananisifia boksi. Nikamwambia, "Kaka, naomba nikitoe kwanza." Akakubali bila neno. Kilishika kwenye ukucha bila kuteleza, bapa lilikuwa jembamba, na mpini haukuacha upenyo wowote ambako maji yangejificha. Tukapatana Sh 35,000.

Kinoo nilikitafuta kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kile cha pande mbili wanachonunua maseremala, upande mmoja unakwaruza na mwingine laini. Kilowanishe, inua mgongo wa kisu kama sentimita 1.5 kutoka kwenye jiwe (kwa bapa la upana wa sentimita 4.5 hapo unapata nyuzi kama 20), kisha sukuma taratibu kwa mwinamo uleule. Noa upande mmoja mpaka kwenye upande wa pili uhisi chuma kinakwaruza kidole unapokipitisha kwa upole kutoka mgongoni kuelekea nje. Geuza, rudia, malizia kwenye upande laini. Kama huna kinoo leo, pindua kikombe cha kauri: ile duara ya kitakoni isiyong'aa inanoa vizuri kwa dharura.

Ninachowaomba majirani zangu waache ni kunoa kwenye mawe yaliyotuzunguka. Jiji letu limejaa matale, na punje zake ni kubwa na hazilingani, hivyo zinakuachia makali yenye mapengo kama msumeno. Mafundi wa kunoa kwa baiskeli wao wanafanya kazi nzuri, ila simama pale pale. Gurudumu likienda kasi bila maji, makali yanapata joto. Ukiona yamegeuka bluu, chuma cha sehemu ile kimeshakuwa laini. Mwambie, "Fundi, taratibu, na maji tafadhali." Mafundi wazuri hawakasiriki.

Kibao changu ni kipande cha mninga alichobakiwa nacho seremala. Usikatie kwenye sahani wala mfuniko wa sufuria, utayaua makali kwa wiki moja. Na kama umezoea kukatia kitunguu kiganjani, kwa kisu kikali hapo acha kabisa.

Vichwa vya sangara sivigusi kwa kisu hiki. Kazi hiyo naiachia kile kizito cha springi, au nawaachia wapaaji wa sokoni wamalize kila kitu kabla sijaondoka, ila nawaambia mgongo wasiutupe, wanifungie kwa ajili ya supu.